Dawa ya Manjano na Kopo la Kiunoni

Hausabai hakumwamini mtu. Hilo walilijua wote ghalani, kuanzia mwenye mali hadi wapagazi, na yeye mwenyewe hakulificha. Ukimkaribisha chai, ataitazama kwanza. Ukimsifia sari, atakuuliza unataka nini. Alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, mikono yake ya njano hadi viwikoni, kwa kuwa tangu ujana wake alikuwa mchambuzi wa manjano katika maghala ya mji wa Sangli, na rangi ile haitoki hata ujisugue kwa jivu.

Tusimlaumu haraka. Aliyekaa kwenye biashara ya manjano kwa muda wote huo ameona mambo. Hausabai aliwahi kuona manjano yaliyooza yakipakwa rangi ya dukani mpaka yakang'aa kuliko mazima, na mnunuzi akaondoka nayo huku anacheka kwa furaha. Aliona mizani iliyotiwa jiwe chini. Alimwona mwenye mali akiapa mbele ya sanamu ya mungu Ganpati kwamba mzigo ni wa mwaka huu, ilhali yeye Hausabai alikuwa amepigishwa chafya na mzigo uleule msimu uliopita. Mtu wa namna hiyo, ukimwambia neno tamu, anatafuta rangi ya dukani imepakwa wapi.

Kitu kimoja alikichukia kuliko udanganyifu, nacho ni tumbaku. Mumewe, Shripati, alikuwa mtafunaji. Alitembea na kopo dogo lenye vifuniko viwili, huku tumbaku na huku chokaa, akizisuguasugua kiganjani na kuzisokomeza shavuni tangu asubuhi mpaka anapolala. Shavu lile ndilo lililomwua. Lilianza na kidonda kidogo, likaishia na tundu ambalo maji aliyonyweshwa yalitokea. Hausabai alimlisha uji kwa kijiko mpaka siku ya mwisho, na tangu siku hiyo aliichukia tumbaku kama mtu anavyomchukia mke mwenza. Mpagazi akitema mate mekundu karibu naye, alimfukuza na ungo mkononi.

Na meno je? Meno aliyasafisha kwa mishri, asubuhi na jioni, kama mama yake na bibi yake kule kijijini. Mishri aliitengeneza mwenyewe. Alichukua jani la tumbaku, akalikaanga juu ya tawa, kikaango cha mikate, mpaka likawa jeusi tititi na nyumba nzima ikakohoa, kisha akalitwanga likawa unga. Unga huo alikuwa nao daima ndani ya kikopo cha bati kilichochomekwa kiunoni, kwenye mkunjo wa sari. Alichovya kidole, akasugua fizi, akakaa kizingitini kwa utulivu huku unga ukifanya kazi yake. Jino likiuma, lilinyamaza. Tumbo likijaa gesi, lilitulia. Ndiyo, lilikuwa jani la tumbaku, hata yeye alilijua hilo. Lakini kwake moto ulikuwa umekwisha kula ubaya wake. Manjano mabichi nayo huoza ukiyaacha, ila ukiyachemsha yanakuwa mali. Kwa Hausabai, kitu kilichopita motoni kilikuwa kimetubu.

Nyumbani aliishi na mkaza mwanawe, Sugandha, kwani mwanawe Vilas alikuwa dereva Pune na alirudi kwa sikukuu tu. Sugandha alikuwa msichana mpole, mwenye mazoea ya kujifunika mdomo kwa pindo la sari kila anapozungumza. Kwa wengine hiyo ilikuwa adabu. Kwa Hausabai ilikuwa dalili ya mtu anayeficha jambo.

Sugandha ndiye aliyeona kwanza.

"Aai," alimwambia siku moja wakila, kwa maana ndivyo alivyomwita, mama, "mbona pilipili ya kuponda siku hizi huigusi?"

"Unanihesabia matonge?"

"Hapana, Aai. Ila nakuona unatafuna upande mmoja. Hebu fungua kinywa nione."

"Uone nini? Nimeficha dhahabu humo?"

Lakini pilipili ilimwunguza kweli, na usingizi ulikuwa umempungua. Alipobaki peke yake alichukua kioo, akavuta shavu kwa kidole. Chini kabisa, pale shavu linapokutana na fizi, palikuwa na doa jeupe lililokunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Alikuwa amewahi kuliona doa la namna hiyo, kinywani mwa Shripati, kabla mambo hayajaharibika.

Hospitali ya meno alikwenda shingo upande, Sugandha nyuma yake. Daktari alikuwa dada mmoja kijana aitwaye Paramita, mtu wa Bengali, aliyeongea Kimarathi kwa kuchagua maneno. Hausabai aliona hiyo kuwa sababu ya kwanza ya kumshuku. Mtu anayechagua maneno, alijiambia, ana mengine anayoyabakiza.

"Maushi," daktari alimwita, mama mdogo, kama wanavyoitwa wanawake wote wa rika lake, "unatafuna tumbaku?"

Hausabai nusura ainuke kwenye kiti. "Tumbaku! Tumbaku iliniulia mume! Sijawahi kuitafuna hata kwa bahati mbaya."

"Gutka? Tambuu? Sigara?"

"Niulize na kama naiba ng'ombe."

Daktari alicheka, akaandika. Sugandha, pembeni, aliangalia sakafu. Kwao walikotoka wote wawili, hakuna aliyeita mishri tumbaku, na kule kwa daktari, mbali upande wa mashariki, wanawake wana vitu vyao vingine. Kwa hiyo swali lilipita mlangoni na jibu likabaki kiunoni.

"Hili bado si saratani," daktari alieleza. "Lakini ni doa ambalo linaweza kugeuka, ndiyo maana hatutaliacha. Sisi hapa tunajaribu dawa ya kupaka. Ni kiini kilichokamuliwa kutoka kwenye manjano."

Hausabai alimtazama, akanyoosha mikono yake yote miwili mbele ya uso wa daktari. "Unaiona hii? Manjano nimeyala, nimeyavuta puani, nimelala juu ya magunia yake. Kama manjano yanatibu, doa limepata wapi pa kukaa?"

"Yale ya kwenye mboga yanapita tu, Maushi. Hiki ni kiini kikali, na kinakaa juu ya doa lenyewe. Maabarani, kwenye vioo, kimeonekana kuziua seli za saratani. Kinywani mwa mtu ni habari nyingine. Wengine tunaona doa linapungua, wengine hatuoni. Siwezi kukuahidi kitu. Ndiyo maana tunajaribu."

"Yaani mimi ndiye panya."

"Wewe ni mgonjwa wangu, na ukikataa leo nitakutibu vilevile."

"Na hii dawa ni bure?"

"Bure."

Neno hilo ndilo lililoziamsha shuku zake kabisa. Hata hivyo alikichukua kile kikopo cheupe, kwa sababu shavu la Shripati lilikuwa halijamtoka machoni.

"Sikiliza vizuri," daktari alisisitiza. "Mara tatu kwa siku. Safisha kinywa kwanza, kiwe safi kabisa, ndipo upake. Hapo tumeelewana?"

"Kusafisha kinywa unanifundisha wewe?" Hausabai alimjibu. "Nimesafisha kinywa kabla mama yako hajaolewa."

Nyumbani hakupaka. Kwanza alitaka kujua kama amepigwa changa la macho. Alikwenda kwa muuza tambuu wa kona, akaomba chokaa kidogo kwenye jani, akarudi nayo amekunja uso wasije watu wakadhani naye ameanza. Alitia tone la dawa kiganjani, akachanganya na chokaa. Rangi ya dukani hubaki njano. Manjano ya kweli hugeuka mekundu, na ndivyo kunku, ule unga mwekundu wa kipajini mwa wake za watu, inavyotengenezwa. Alisugua, akangoja.

Kiganja chote kilikuwa chekundu.

Hausabai aliketi akikitazama. Ilikuwa rangi ileile aliyoipaka kipajini kila asubuhi alipokuwa mke wa mtu, na ambayo hakuigusa tena baada ya maiti ya Shripati kuchomwa pale mtoni. Kisha akajikasirikia kwa kukumbuka, akanawa mikono, akamwita Sugandha kwa ukali asioustahili na kumwuliza kwa nini mtungi hauna maji.

Tangu siku hiyo alipaka. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kushika maagizo akishaamua kuyashika, alisafisha kinywa kwanza. Alichovya kidole kwenye mishri, akasugua fizi zote, akasugua na juu ya doa lenyewe kwa nguvu, kwa kuwa ndiko kwenye uchafu. Alikaa kidogo, akatema, akasukutua, akapaka dawa ya daktari. Zamani alisugua asubuhi na jioni. Sasa daktari amesema mara tatu, basi hata mchana alisugua, nyuma ya magunia, ghalani.

Doa halikupungua. Liliota kingo, likaanza kuwa na wekundu katikati.

Sasa shuku zake zikapata shamba la kulima. Kwenye benchi la hospitali alikuwa akikutana na dereva wa trekta aitwaye Pandhari, mla gutka aliyetubu, ambaye mchanganyiko ule wa tumbaku na popoo ulikuwa umemkaza kinywa, na mwanzoni kilifunguka kiasi cha kuingiza kidole tu. Sasa alikuwa akijigamba.

"Shangazi, jana nimekula mkate wa mtama mzima! Nimeukunja hivi, nikauingiza wote!"

"Funga mdomo, nzi wataingia."

"Acha waingie. Zamani hata nzi hakupata nafasi."

Hausabai hakucheka. Alitazama kikopo cha Pandhari, akatazama chake. Vilifanana, na kwa sababu hiyo hasa alishuku. Aliingia kwa daktari na kusema wazi kwamba wanaume wanapewa dawa yenyewe na wajane wanapewa makapi. Daktari Paramita alimwonyesha kwamba vikopo vyote vinatoka kwenye boksi moja. Lakini alilipotazama doa, yeye naye akaanza kushuku.

"Maushi, unapaka kweli?"

"Unaniita mwongo?"

"Nauliza."

"Na mimi nimejibu."

Waliachana hivyo, kila mmoja amemkata mwenzake jicho.

Nyumbani Hausabai alipima dawa tena kwa chokaa. Labda Sugandha ameimwaga dawa yenyewe akatia unga wa ngano na rangi ya dukani. Lakini dawa iligeuka nyekundu kama mwanzo. Basi kama mwizi hayumo kwenye dawa, yumo wapi? Kwa maana mwizi yumo, hilo alikuwa na hakika nalo. Kikopo chake cha mishri kilikuwa kikipungua. Kila alipokiacha rafuni wakati wa kuoga, alikikuta kimeshuka. Siku moja aliusawazisha unga kwa kisu na kuchora juu yake, kwa ncha ya kidole, mstari wa kupindapinda kama njia ya nyoka. Alipotoka kuoga mstari haukuwepo. Unga ulikuwa umesawazishwa vizuri, kwa mkono wa mtu mwenye adabu.

Hausabai aliliweka jambo hilo akiba. Alishapata hesabu kamili kichwani: Sugandha anampelekea mama yake mzazi mishri kwa siri, labda ndiye anayemtilia yeye Hausabai kitu kwenye chakula, na labda Vilas anajua. Alianza kujipakulia chakula mwenyewe. Sugandha aliona, akajifunika mdomo, akageukia ukuta.

Siku ya kurudi hospitali walipanda basi bila kuzungumza. Mbele ya taa ya daktari, Hausabai alifungua kinywa, na uso wa Paramita ukabadilika waziwazi.

"Leo nitakata kipande kidogo nikipime," alisema. "Hakiwezi kungoja. Hili doa lingepaswa kutulia au kubaki lilivyokuwa. Limekimbia. Maushi, kwa jina la wazazi wako, niambie unafanya nini nyumbani. Hatua kwa hatua."

"Nafanya ulichosema."

"Nionyeshe basi."

"Hapa?"

"Hapa hapa."

Hausabai alimwona kuwa anamtega, na kwa kuwa hakuwa na kosa, alifurahi kutegwa. Aliingiza mkono kiunoni, akachomoa kikopo cha bati, akakifungua kwa majivuno. Alichovya kidole. Alisugua fizi za juu, akasugua za chini, akasugua doa lenyewe, polepole, ili huyu mtoto wa Bengali aone jinsi watu wa Sangli wanavyojua usafi.

"Ndipo napaka dawa yako," alisema akiwa na midomo myeusi. "Mara tatu. Kabla yako nilikuwa nasafisha mara mbili tu."

Daktari alichukua kikopo kutoka mkononi mwake. Alinusa, akakirudisha nyuma ghafla.

"Hii ni nini?"

"Mishri. Dawa ya meno."

"Imetengenezwa na nini?"

"Na jani."

"Jani gani, Maushi?"

Hausabai alifungua kinywa kulitaja, na neno likakwama. Aliangalia kando. "Limekaangwa," alisema. "Limeungua lote. Ubaya wake umekwenda na moshi."

"Jani gani?"

"La tumbaku. Lakini limekaangwa, nakwambia! Usinitupie mimi kosa la dawa yako. Dawa yako imeshindwa, sasa unatafuta pa kuisingizia!"

Paramita hakukasirika. Alivuta kiti, akakaa karibu. "Sijui kama dawa yangu imeshindwa au la. Sitajua tena, kwako. Umekuwa ukiliwasha moto doa kwanza, halafu unalimwagia maji, mara tatu kwa siku. Na mimi nina kosa, sikukuuliza swali lenyewe. Lakini niambie wewe unayejua manjano. Ukiyachemsha, yanaacha kuwa manjano?"

Hausabai aliyaona moyoni masufuria makubwa ya ua wa ghala, na mvuke, na mizigo ikianikwa. Manjano yakichemshwa huwa manjano zaidi. Rangi inaenea mpaka katikati ya kipande, na haiondoki tena. Hilo hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Basi yule adui aliyemtafuta kwenye dawa, kwenye chakula, kwenye mizani na machoni mwa watu, alikuwa amembeba kiunoni mwenyewe. Alikuwa amemtwanga kwa mikono yake. Alihisi aibu, kisha hofu, kisha hasira juu ya Shripati, asiye na kosa hapa, ila kwa kufa mapema na kumwachia chuki isiyomfaa kitu.

Halafu akaukumbuka mstari wa nyoka.

Aligeuka taratibu. Sugandha alikuwa amesimama karibu na mlango, pindo la sari limefunika nusu ya uso, macho yamemtoka. Siku ya harusi, Hausabai ndiye aliyemchovyea kidole kwenye mishri kwa mara ya kwanza. Alimwambia, katika nyumba hii wanawake wana meno imara.

Maisha yake yote Hausabai alikuwa ameshuku watu na kuomba shuku zake ziwe kweli, apate kusema nilijua. Sasa, kwa mara ya kwanza, aliomba awe amekosea.

"Sugandha," aliita, na sauti ilikuwa ndogo. "Kikopo changu kilikuwa kinapungua. Sema haukuwa wewe."

"Aai..."

"Sema ulikuwa panya. Sema ulikimwaga ukifagia. Sitakuuliza tena."

Msichana alianza kulia. "Nilikuwa nachukua, Aai. Jino liliniuma baada ya mimba kuharibika, na ile inatuliza. Kisha nikawa siwezi kukaa bila. Niliogopa kukuomba, ungesema naipeleka kwetu."

"Tangu lini unajifunika mdomo hivyo?"

Sugandha alilivuta pindo juu zaidi.

"Fungua."

"Aai, wewe ndiye mgonjwa, daktari anakungoja."

"Nimesema fungua kinywa."

Alikuwa amekwisha shuka kwenye kiti. Alimshika msichana kidevu kwa vidole vyake vya njano, akaliondoa pindo la sari kwa mkono wa pili, akamgeuza kwenye mwanga, akavuta mdomo wa chini. Pale kwenye fizi, mbele kidogo ya pale lilipokaa doa lake yeye mwenyewe, palikuwa na doa jeupe, dogo kuliko punje ya dengu.

Daktari naye alikuwa ameinama juu yao. "Hili ni changa," alisema haraka. "Akiacha leo, huenda likaondoka lenyewe bila dawa yoyote. Lakini lako, Maushi, ni la kukatwa sasa. Tafadhali rudi kitini."

"Anza na huyu."

"Lako ndilo la hatari."

"Anza na huyu, nimekwambia! Mimi ninalo langu, nimelitengeneza mwenyewe. Huyu nimempa."

Alimsukuma Sugandha kwenye kiti, akamketisha, akakitupa kikopo cha bati kwenye ndoo ya takataka kwa kishindo kilichowashtua watu wa benchi nje. Halafu akaunyoosha mkono, akaivuta taa kwake na kuishika yeye, kwa sababu hata sasa hakumwamini daktari kuimulika vizuri.